Tarakimu ya Kumi na Mbili

Kaka yangu Firmin alianguka kutoka kwenye trekta tarehe tisa Mei. Trekta ilikuwa imesimama, injini imezimwa, na yeye alikuwa anashuka ili akafungue lango la malisho. Akavunjika nyonga. Daktari alimwambia atakaa miezi minne bila kukamua, naye Firmin akamuuliza daktari kama ng'ombe wameshaarifiwa.

Ng'ombe walikuwa ishirini na wawili, na ndugu aliyebaki kijijini ni mimi peke yangu. Basi kuanzia kesho yake nikawa naamka saa kumi alfajiri, nakamua, napeleka maziwa kwenye ushirika wa jibini, naoga, navuka mpaka kutoka Ufaransa kuingia upande wa Uswisi, nafanya kazi yangu, narudi, nakamua tena. Mke wangu Solange alinisaidia kwa kunikumbusha kila siku kwamba nina miaka hamsini na minane.

Kazi yangu ni heliamu. Kwenye maabara yetu watu wanatengeneza atomi za maada kinzani, na hizo atomi hazikai bila sumaku, na hiyo sumaku haifanyi kazi bila heliamu ya majimaji yenye ubaridi wa nyuzi mia mbili sitini na tisa chini ya sifuri, na hiyo heliamu haijijazi yenyewe. Naijaza mimi, Anselme Burdet, mwaka wa ishirini na sita sasa.

Pale kijijini wananiuliza mambo haya kila sikukuu, kwa hiyo nimeshazoea kuyaeleza kwa kifupi. Chukua haidrojeni, atomi nyepesi kuliko zote: katikati protoni moja yenye chaji chanya, nje elektroni moja yenye chaji hasi. Sasa itengeneze upya kinyume chake, hasi ikae katikati na chanya ikae nje. Hiyo ndiyo haidrojeni kinzani. Duniani haipo, ukiitaka ni lazima uitengeneze mwenyewe, na ukishaitengeneza isiguse kitu. Ikigusa ukuta, au hewa, au kidole cha mtu, inateketea pamoja na kile ilichokigusa, unabaki mmweko. Kwa hiyo tunaining'iniza ndani ya bomba lisilo na hewa, sumaku ikiizuia kila upande.

"Na siku mtakayolipua," Firmin huniambia, "nipigie kwanza nitoe ng'ombe."

Nimemweleza mara nyingi kwamba atomi zote tulizowahi kutengeneza, ukizikusanya na kuziteketeza kwa pamoja, hazichemshi kikombe kimoja cha chai. Hunijibu kwamba kama ni hivyo, basi serikali kumi na kitu zinapoteza muda wao.

Mkuu wetu alikuwa Profesa Ragnhild Ekdahl, Mswidi, mwanamke mrefu aliyekuwa anakula chakula kilekile cha mchana kila siku ili asipoteze muda wa kuchagua. Swali lake lilikuwa moja. Kila atomi ina rangi yake ya mwanga inayoipokea. Rangi hiyo huandikwa kwa namba, na namba hiyo ina tarakimu nyingi. Je, haidrojeni kinzani inapokea rangi ileile inayopokelewa na haidrojeni ya kawaida, au kuna tofauti, hata iwe ndogo namna gani? Vitabu vyote vinasema ni ileile. Ikiwa si ileile, vitabu vyote vitaandikwa upya.

Ragnhild alianza kulitafuta jibu akiwa na miaka thelathini na mitatu. Aligundua kwamba rangi ni sawa hadi tarakimu ya nne. Kisha ni sawa hadi ya saba. Kisha ya kumi. Kila baada ya miaka michache alipanda jukwaani akatangaza kwamba hajaona tofauti yoyote, watu wakampigia makofi, akapewa miaka mingine ya kuendelea kutoiona. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka sitini na mitatu, anastaafu Desemba, na tulikuwa tunapima tarakimu ya kumi na mbili.

Siku ya kazi ilipangwa hivi. Asubuhi, saa nne, leza inamulika haidrojeni ya kawaida, namba inaandikwa. Wakati huohuo mtego unaanza kukusanya atomi kinzani, chache chache, kwa saa kadhaa, maana zinapatikana kwa shida. Saa tisa kamili alasiri leza ileile inamulika zile kinzani. Atomi ikipokea mwanga inachomoka mtegoni, inagonga ukuta, inateketea, na mashine zinahesabu mimweko. Namba inaandikwa. Jioni namba mbili zinawekwa kando kwa kando.

Leza ilikuwa na chumba chake pembeni ya ukumbi, chenye kuta nene, joto lake nyuzi ishirini na moja usiku na mchana, kiangazi na baridi. Mwenye leza alikuwa Halszka Wrona, Mpolandi, ambaye mlangoni alikuwa amebandika karatasi kwa lugha tatu: USIINGIE BILA SABABU. Mimi nilikuwa na ufunguo, kwa sababu bomba la kurudishia heliamu linapita mle ndani na geji yake iko mle ndani, na geji hiyo lazima isomwe saa nane mchana.

Tarehe kumi na nne Mei niliingia kusoma geji. Usiku ule nilikuwa nimepata usingizi wa saa tatu na nusu tu. Nje kule ukumbini pampu zinapiga kelele mpaka meno yanatetemeka. Ndani ya chumba cha leza kulikuwa kimya kabisa. Chini ya meza kubwa ya leza kulikuwa na sponji nene, ile iliyofungiwa vioo vilipoletwa kutoka Ujerumani. Nilisoma geji. Nikakaa juu ya sponji nifunge kamba ya kiatu. Nilipoamka ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Hakuna aliyeniona. Halszka saa hizo huwa kantini. Kesho yake niliingia tena kusoma geji, na safari hii nikavua viatu kabisa. Ikawa ndiyo ada. Saa nane kamili naingia, saa nane na dakika arobaini natoka, saa tisa leza inawashwa kwa kazi. Ile karatasi ya mlangoni haikunisumbua. Mimi sababu nilikuwa nayo.

Mwezi Juni kitu kilibadilika katika kundi letu. Sisi mafundi hatukuambiwa chochote, lakini fundi wa siku nyingi anajua. Milango ilianza kufungwa. Gethin Prosser, yule Mwelshi wa hesabu, mtu asiyeweza kumaliza dakika tano bila utani, alianza kupita kimya kama mtu aliyebeba maji yamejaa. Halszka alikagua leza yake mara tatu, akaibomoa meza nzima ya vioo akaipanga upya. Sponji aliirudisha mahali pake. Na Ragnhild akaanza kupiga mluzi. Siku moja kantini alichukua samaki badala ya ile supu yake, na mpishi akatoka jikoni kuja kuuliza kama kuna tatizo.

"Kuna nini?" nilimuuliza Gethin kwenye mashine ya kahawa.

"Hakuna kitu, mzee."

"Uso wako haufanani na wa mtu ambaye hakuna kitu."

"Ni uso wa Wales huu. Ndivyo tunavyozaliwa."

Septemba, wiki ya kwanza, Firmin alianza kutembea na fimbo na kugombana na ng'ombe mwenyewe. Wiki hiyohiyo Ragnhild alituita wote, watu thelathini na wawili, mafundi kwa maprofesa, chumba cha mikutano. Alifunga mlango, akasema kwamba Jumatano ijayo atatangaza jambo mbele ya watu wa nje, na kwamba si haki sisi tulisikie siku moja na wao.

Aliwasha projekta.

"Kuanzia katikati ya Mei," alisema, "kuna tofauti."

Hakusema kwa sauti kubwa. Mtu mmoja nyuma alidondosha kalamu, na kila mmoja alimgeukia kana kwamba amevunja dirisha.

Ukutani kulikuwa na grafu. Kulikuwa na mstari wa sifuri, na juu yake nukta, kila siku nukta yake, zote zikikaa juu kidogo ya ule mstari. Tarakimu ya kumi na mbili. Ragnhild alieleza walivyohangaika miezi mitatu kutafuta kosa: sumaku, vioo, saa, umeme, hesabu. Halszka alionyesha kipimajoto cha ukutani kwenye chumba cha leza: mstari umenyooka kama uzi. Hawakuliona kosa.

"Na kuna jambo la ajabu zaidi," Ragnhild aliendelea. "Tazameni Julai."

Tulitazama. Kuanzia tarehe mosi hadi tarehe kumi na nne Julai nukta zilikuwa zimeshuka zikalala juu ya sifuri. Tarehe kumi na tano zikapanda tena.

Gethin alisimama. Alieleza kwamba mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Huenda maada kinzani inalisikia jua kwa namna ambayo maada yetu hailisikii. Kulikuwa na bwana mmoja wa nadharia huko Lyon ambaye alishaandika makala tatu juu ya hizo wiki mbili.

"Kuna hii moja tu inayotukera," akasema, na kidole chake cha mwanga kikagusa nukta iliyokaa peke yake kwenye sifuri. "Tarehe kumi na moja Agosti. Imekataa kupanda. Tunaiita ile jeuri. Ni kelele ya takwimu tu, bahati nasibu ya namba."

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Jioni ya kuamkia tarehe mosi Julai binamu yetu Odile alikuja kutoka Bourg kwa likizo yake ya wiki mbili, akatukamulia asubuhi na jioni, na mimi nikalala nyumbani kama binadamu. Nilikuwa naingia chumba cha leza, nasoma geji, natoka. Tarehe kumi na nne Julai jioni Odile aliondoka. Na tarehe kumi na moja Agosti sikuja kazini kabisa, nilibadilishana zamu na mwenzangu, kwa sababu ng'ombe anayeitwa Violette alikuwa anazaa na ndama amekaa vibaya.

Nilizihesabu nukta zote kutoka katikati ya Mei, polepole, na kila moja niliikumbuka. Ilikuwa ni kalenda yangu.

Watu walikuwa wanapeana mikono. Mtu alinikumbatia. Halszka, ambaye sijawahi kumwona analia, alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Nikatoka nikaenda kujaza heliamu.

Jioni ile nilimwambia Firmin, maana kuna mtu lazima umwambie kwanza. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, fimbo magotini, akinisimamia nisikosee.

"Mwili wa mtu aliyelala unatoa joto kama taa ya wati themanini," nilimwambia. "Nilikuwa nalala chini ya kile kisanduku kinachoshikilia rangi ya leza. Joto linapanda, kisanduku kinatanuka kidogo sana, rangi inahama kidogo sana. Kiyoyozi nacho kinaona chumba kinapata joto, kinapuliza baridi upande wa ukutani, kipimajoto kinasema mambo ni shwari. Asubuhi mimi sipo. Alasiri nimetoka sasa hivi. Ndiyo tofauti yao."

Firmin alifikiri. "Kwa hiyo nyonga yangu imebadilisha vitabu vyote."

"Bado havijachapishwa."

"Unamwambia lini huyo mama?"

"Kesho."

"Na ukinyamaza?"

Hilo nilikuwa nimelifikiria njia nzima. Firmin akirudi zizini mimi sina tena haja ya kulala mchana. Tofauti ingepotea yenyewe, kimyakimya, na hakuna ambaye angejua ilikokwenda. Wangeitafuta miaka ishirini. Huyo wa Lyon angeieleza kwa kutumia sayari ya Mshtarii.

"Wataitafuta mpaka wazeeke," nikasema.

"Si ndiyo kazi yao?" Kisha akagonga fimbo chini. "Haya, mwambie. Ila mwambie ni nyonga. Usianze na usingizi. Nyonga ina heshima zaidi."

Asubuhi nilimkuta Ragnhild ofisini anapanga picha za kutangazia. Nilianza na nyonga. Nilipofika kwenye sponji aliweka kalamu chini, na nilipofika kwa Violette aliifunga kompyuta taratibu kama anavyofunga mtu kitabu cha maktaba.

Nilitegemea apige kelele. Alichukua daftari.

"Uliingia saa ngapi?"

"Saa nane kamili, Profesa."

"Ukatoka?"

"Nane na dakika arobaini. Siku nyingine arobaini na tano."

"Siku zipi?"

"Za mvua. Usingizi unakuwa mzito."

Aliandika. "Kichwa kilikuwa upande gani?"

"Wa mlangoni."

"Una kilo ngapi?"

"Tisini na moja. Solange anasema tisini na nne."

"Tutakupima. Ulijifunika?"

"Koti tu. Siku za kwanza."

"Viatu?"

"Nilivua."

"Tangu tarehe ngapi?"

"Kumi na tano Mei."

Alifunua kurasa za nyuma, akatazama namba, akaweka alama ndogo. "Ndiyo," alisema. "Inaonekana." Kisha akatazama nje dirishani, kule kwenye mizabibu, mpaka mimi nikaanza kuhesabu vigae vya dari. "Asante, Anselme. Niitie Halszka. Usimwambie wewe. Nitamwambia mimi."

Alimwambia. Mlango ulikuwa umefungwa na nilisimama umbali wa mita kumi, nikayasikia maneno yote ya Halszka, ila yalikuwa ya Kipolandi. Halszka alitoka akaja moja kwa moja kwangu.

"Bwana wee. Ulilala."

"Nililala."

"Chini ya kisanduku changu."

"Juu ya sponji."

"Miezi mitatu nimebomoa ile meza kioo kwa kioo! Nimemtuhumu mume wangu kwamba ameniletea simu yenye sumaku! Nimeirudisha ile sponji kwa mikono yangu mwenyewe, nikasema wacha ikae pale, haina kosa!"

"Nilishukuru," nikasema, na hapo nilikosea.

Gethin yeye aliposikia alicheka mpaka akakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani. Baadaye aliacha kucheka lakini hakuinuka. Alikaa pale muda mrefu, miguu ameinyoosha, watu wanaruka juu yake wakipita.

Watu wa nje waliandikiwa kwamba tangazo la Jumatano limeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Hizo sababu za kiufundi zilikuwa mimi.

Nilidhani mambo yangeishia hapo, na barua ya kuniachisha kazi. Lakini Ragnhild alisema maneno ya mtu si kipimo. Kama ni usingizi wa Anselme, ithibitishwe kwamba ni usingizi wa Anselme. Iliandaliwa ratiba ya wiki tatu. Kila siku saa saba na nusu Gethin anarusha sarafu ofisini kwake peke yake: ikianguka upande wa kichwa, nalala, ikianguka upande mwingine, silali. Wanaohesabu mimweko hawaambiwi.

Halszka aliniwekea vipimajoto saba. Aliviweka bila kunitazama usoni.

Shida ikawa kwamba Firmin alisharudi zizini na mimi nilikuwa nimelala vizuri usiku. Siku ya kwanza nilijilaza kwenye sponji kwa amri ya kundi zima la utafiti, nikakaa macho dakika arobaini nikitazama uvungu wa meza. Nilitoka jasho.

"Hukulala," Ragnhild alisema.

"Siwezi kulala nikiambiwa."

"Ukiwa macho unatoa wati mia. Unatuharibia."

"Nijaribuje, Profesa?"

Alilifikiria kama anavyofikiria kila kitu. "Kakamue," akasema.

Basi wiki tatu zile nilimwomba kaka yangu anirudishie ng'ombe wa asubuhi. Firmin alikubali kwa moyo mweupe, akalala mpaka saa mbili kila siku, na akawaambia watu wa ushirika kwamba anasaidia utafiti wa kimataifa.

Siku nilizolala, tofauti ilikuwepo. Siku ambazo sikulala, haikuwepo. Gethin aliandaa jaribio la mwisho: alipanga chini ya meza mifuko ya maji ya nyuzi thelathini na saba, kilo tisini na tatu na nusu kwa jumla, maana mizani ilikuwa imetupatanisha mimi na Solange karibu na upande wake. Akaifunika koti langu. Tofauti ikatokea, ileile, bila mimi. Walipeana mikono tena, ila safari hii kwa namna ya watu wanaotoka msibani.

Jambo moja lazima niliseme. Vile vipimajoto saba vilibaki, na kile kisanduku kilihamishiwa kwenye gamba la shaba lililobuniwa na Halszka kwa hasira ya wiki moja. Leza ikatulia kuliko ilivyowahi kutulia. Oktoba walipima upya, mwezi mzima. Novemba Ragnhild alipanda jukwaani mbele ya watu wa nje na kutangaza kwamba haidrojeni kinzani na haidrojeni ya kawaida zinapokea rangi ileile ya mwanga hadi tarakimu ya kumi na tatu, na kwamba hajaona tofauti yoyote. Walimpigia makofi. Bwana wa Lyon aliuliza swali refu. Mwisho wa makala kuna aya inayomshukuru A. Burdet kwa kubaini chanzo cha usumbufu wa joto. Solange ameiwekea fremu. Barua ya kuniachisha kazi haikuja, na sikuuliza.

Desemba, Ragnhild, aliyekuwa amepanga nyumba upande wetu wa mpaka, aliniomba nimpeleke stesheni ya Jeneva. Alikuwa na masanduku mawili na boksi la vitabu, na gari langu linanuka zizi, lakini lina nafasi. Upepo wa bizi, ule wa baridi kutoka kaskazini, ulikuwa unavuma tangu juzi yake, barabara kavu, mlima umesimama karibu kuliko kawaida. Mpakani walitupungia mkono tupite.

Tulipokaribia mjini alisema, "Kuna mtu nilimwambia."

"Nini, Profesa?"

"Ile tofauti. Haikuruhusiwa kusema, lakini kuna mmoja nilimwambia. Sixten Malmros. Ndiye aliyenifundisha, kule Uppsala. Ana miaka tisini na mmoja. Alikuwa nayo." Alirekebisha mkanda wa kiti. "Nilimpigia Juni mwishoni. Maisha yake yote alisema tofauti lazima iwepo, walimcheka miaka arobaini. Nikamwambia ipo. Akaniuliza ni upande gani, juu au chini. Nikamwambia juu. Akasema, nilijua."

Nilipunguza mwendo bila sababu.

"Alifariki tarehe ishirini Agosti," alisema. "Mkewe ananiambia alikuwa na furaha. Alikuwa anawaambia manesi."

Miezi yote ile nilikuwa nimejiona mjinga, na ujinga mtu anaweza kuubeba. Sasa nilijiona nimeingia ndani ya nyumba ya watu nisiowajua, nikiwa nimevua viatu.

"Nisamehe, Profesa."

"Kwa lipi? Ulimlaza vizuri." Alisema hivyo kwa uso uleule aliokuwa anasomea namba, na mpaka leo sijui kama ulikuwa mzaha. "Wiki iliyopita yule mjane alinipigia. Aliona kwenye gazeti kwamba hakuna tofauti. Aliuliza kama mumewe alikosea."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado tunapima."

"Na ni kweli?"

"Machi Halszka anaanza tarakimu ya kumi na nne. Ni kweli."

Nilipata mahali pa kuegesha karibu na lango la nyuma. Alibeba masanduku mwenyewe, akaniachia boksi, ambalo lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea. Treni ya Basel ilikuwa jukwaa la tatu. Tulisimama pale na upepo, yeye ameinua kola ya koti, akaniuliza ndama wa Violette aliishi. Nikamwambia aliishi, ni jike, ana alama nyeupe kwenye mguu mmoja wa nyuma. Akauliza mguu gani. Nikamwambia wa kushoto. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na treni ikaingia ikiwa imechelewa dakika nne.